Je, wajua kwanini mvuvi wa usiku analala mchana na bado anaamka amechoka?

Shemeji yangu anavua dagaa hapa Kigoma, boti yao inatokea Kibirizi, na kama unawajua dagaa wa Tanganyika basi unajua kazi yenyewe ni ya usiku. Jua likizama kule upande wa Kongo wao ndo wanatoka, wanawasha taa katikati ya maji, wanasubiri dagaa wajae chini ya mwanga alafu wavute wavu, kurudi ni saa 12 alfajiri. Anauza, anapiga chai na chapati mbili, saa tatu asubuhi yuko kitandani. Saa sita mchana keshaamka, macho mekundu, hataki kuongea na mtu.

Sasa mwenzake wa boti hiyohiyo, nyumba zao zimepakana, bati lilelile linalochemka mchana na watoto walewale wanaopiga kelele, yeye analala mpaka saa tisa na anaamka anachekacheka. Mimi nilikuwa nasema shemeji ana mawazo, labda madeni. Nimekuja kusoma haya mambo ya saa ya mwili nikaona nilikuwa namsingizia, manake sehemu ya jibu iko kwenye vinasaba vyake.

Unakumbuka kifauongo, lile jani tulilokuwa tunaligusa utotoni linajikunja? Majani ya mmea kama huo hufunguka mchana na kujifunga usiku. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, akauweka gizani kabisa aone itakuwaje bila jua. Majani yakaendelea kufunguka na kufunga kwa zamu zake kama kawaida. Yaani mmea ulikuwa na saa yake ndani, ila hakuna aliyejua imetengenezwa na nini.

Jibu lilikuja kupitia nzi, wale wadogo wa kwenye ndizi zilizoiva sana. Mwaka 1971 kule California, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walipata nzi wa aina tatu wa ajabu, mmoja siku yake ni ya saa 19, mwingine saa 28, na wa tatu hana ratiba kabisa, anatembea na kulala hovyohovyo. Na wote watatu jeni iliyoharibika ni ileile moja, imeharibika tu kwa namna tofauti. Aisee, jeni moja tu ikiharibika inabadilisha siku ya nzi ina masaa mangapi! Mwaka 1984 watafiti wakafanikiwa kuitoa hiyo jeni na kuisoma, na mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wakapewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha saa hiyo inavyofanya kazi.

Inavyofanya kazi ni kama tenki la maji lenye boya. Bomba likifunguliwa maji yanajaa, yakijaa boya linapanda linafunga bomba, mkichota maji yanashuka, boya linashuka nalo, bomba linafunguka tena. Ndani ya seli zako kuna protini mbili, CLOCK na BMAL1, hizo ndo zinafungua bomba, zinaziamsha jeni zinazoitwa PER na CRY zianze kutengeneza protini zake. Protini za PER na CRY zinaongezeka taratibu masaa kwa masaa, zikishakuwa nyingi zinaingia kwenye kiini cha seli na kuwazuia walewale waliozianzisha. Bomba limefungwa. Baadae zinaoza zinaisha, mchezo unaanza upya. Mzunguko mmoja kwa binadamu ni wastani wa saa 24 na dakika kama 10 hivi, na uko karibu kila mahali mwilini, ini lina saa zake, moyo una zake, kongosho lina zake.

Kwa kuwa inazidi kidogo saa 24, lazima kila siku irudishwe kwenye mstari. Kazi hiyo inafanywa na kakundi ka seli kama elfu 20 kwenye ubongo, pale juu ya makutano ya mishipa ya macho. Kanapokea habari ya mwanga kutoka machoni, alafu kanazitangazia saa nyingine. Giza likiingia kanaruhusu homoni ya melatonini itoke, mwili unajua ni usiku. Ila saa za ini na tumbo zina kiburi chake, zenyewe zinasikiliza sana muda wa kula.

Hapo sasa mrudie shemeji. Ubongo wake unaona jua la asubuhi wakati anatembea kutoka mwaloni, unasema siku imeanza. Saa tatu anauambia ulale. Ini lake limeletewa ugali wa muhogo na samaki saa saba usiku, linasema hiyo ndo mchana. Mwili mmoja, saa nyingi tofauti, kila moja inasoma lake. Alafu kibaya zaidi (hii ni hesabu yangu mwenyewe, kwa kumuangalia tu) ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku kadhaa za kila mwezi hawatoki, anarudi kulala usiku kama sisi. Giza likirudi anageuza tena. Angekuwa wa usiku moja kwa moja labda mwili ungejaribu kuzoea, lakini huyu anageuzwa kila mwezi kama chapati. Na dagaa wenyewe wana ratiba yao, usiku wanapanda juu kufuata vijidudu wanavyokula, mchana wanashuka kilindini, wao hakuna anayewageuza.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu ambalo watu wa Dar hawalijui. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma tuko magharibi kabisa, jua linatufikia kama dakika 38 baada ya Dar. Saa 12 asubuhi ambayo kwa Kiswahili ndo kunakucha, hapa bado giza, jua linachomoza inakaribia saa moja, na jua la utosi ni kwenye saa saba mchana. Lakini shule kengele ni ileile na ofisi ni ileile. Ujerumani mwaka 2007 walipima wakaona watu wanalala na kuamka kwa kufuata jua la pale walipo, kadri unavyoenda magharibi ndivyo wanavyochelewa, ingawa saa za ukutani ni moja nchi nzima. Na Marekani, waliolinganisha wakazi wa pande mbili za mpaka wa majira ya saa wakakuta wale wanaochelewa kuzamiwa na jua wanalala pungufu dakika kama 19 kwa usiku. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji anayeamshwa saa 11 aende shule akisinzia darasani, kabla ya kumchapa ujue kwamba mwili wake unaona ni usiku mnene.

Sasa usingizi ni kitu kimoja, madhara ya miaka mingi ni kingine. Mwaka 2005 watafiti Marekani walichukua panya ambao jeni yao ya CLOCK ina hitilafu, wakakuta wanakula muda wowote, wananenepa, sukari yao inapanda. Hakuna aliyewabadilishia chakula, saa tu ndo mbovu. Kwa binadamu, kazi ya zamu za usiku kwa miaka imeonekana kwenda pamoja na kisukari na magonjwa ya moyo. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likaiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano vinasababisha kansa, likarudia hivohivo 2019. Usiruke juu kwanza, nyama nyekundu nayo iko kundi hilohilo, linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani, haliambii mtu ataumwa.

Tofauti kati ya shemeji na jirani yake sasa. Kuna familia moja ya Utah, Marekani, ilielezwa na madaktari mwaka 1999, watu wake wengi usingizi unawabeba saa moja na nusu usiku na saa kumi alfajiri macho kodo, kizazi hadi kizazi, mababu mpaka wajukuu. Mwaka 2001 ikajulikana ni herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya PER2, ile ya kwenye tenki letu. Na mwaka 2017 ikapatikana ya kinyume chake, hitilafu kwenye CRY1 inayofanya kizuizi kiwe king'ang'anizi, siku ya mwili inarefuka, mtu halali mpaka usiku wa manane. Hao ni wachache. Sisi wengine tunasukumwa na vitu vidogovidogo vingi, utafiti wa 2019 uliopita kwenye vinasaba vya watu karibu laki saba ulikuta sehemu 351 zinazohusika na mtu kuwa wa asubuhi au wa usiku, na ukichukua wenye jeni nyingi kabisa za asubuhi na wenye chache kabisa, tofauti ya muda wa kwenda kulala ni dakika 25 tu kwa wastani. Kwa hiyo jeni ni sehemu ya jibu, mazoea na umri na bati la moto navyo vimo. Na kinachoniudhi, watu hao laki saba ni wa asili ya Ulaya, sisi wa huku hatumo, wakati vinasaba vya Afrika ndo vina tofauti nyingi kuliko kokote duniani.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi angalau walifikiwa, japo kwa jambo la usingizi na si jeni. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa mkononi kwa siku 20, na kwa siku zote hizo muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulifika dakika 18, basi. Karibu kila wakati kuna mmoja macho. Watafiti wakasema huenda ndo maana binadamu tumezaliwa tofauti, kambini kuwe na mlinzi hata kama hakuna aliyepangwa. Mimi nimeipenda hiyo, jirani wa shemeji labda babu yake alikuwa ndo wa kusikia simba.

Kuna jeni moja nataka shemeji aijue. Inaitwa MTNR1B, inatengeneza kipokezi cha melatonini, na mwaka 2009 iligundulika kwamba wenye aina fulani ya jeni hiyo, na ni aina iliyoenea tu, wana hatari zaidi ya kisukari cha aina ya pili. Sababu ni kwamba melatonini ikifika kwenye kongosho inalipunguza kasi ya kutoa insulini. Hispania mwaka 2022 watu wazima 845 walinyweshwa sukari mara mbili, jioni moja masaa manne kabla ya kulala na nyingine lisaa limoja kabla ya kulala. Ile ya kuchelewa, melatonini ikiwa juu, insulini ilitoka pungufu na sukari ikapanda zaidi, na wenye ile jeni ndo walioumia zaidi. Sasa ugali wa saa saba usiku unaingia wakati gani? Palepale.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, wiki ya kwanza shemeji alikuwa anazungukazunguka uani saa nane usiku kama mlinzi, baada ya hapo akalala. Akanenepa uso, akaanza utani. Hela ilikuwa hakuna lakini dada alisema amempata mume.

Juzi nimemwambia ajaribu kula ule mlo mkubwa saa 11 jioni kabla ya kutoka, ziwani iwe chai na kitu kidogo, na asubuhi akirudi avae kofia ya kuziba jua alafu aweke pazia zito dirishani. Pazia amekubali, dada ameshonea blanketi la zamani. Kuhusu chakula ameniuliza kama nimewahi kukaa katikati ya Tanganyika saa saba usiku upepo unavuma na tumbo tupu. Sijawahi. Tumeishia kwenye nusu, ugali mdogo, saa nne badala ya saa saba, na hata hiyo anasema lazima kwanza aongee na nahodha, manake jiko la botini ni moja.