Barafu ndiyo inayoamua: kahawa ya siku hizi na ladha zake

Nikianza darasa jipya la mabarista, yaani watayarishaji wa kahawa mikahawani, huwa nawauliza wanafunzi kahawa waliyokunywa mara ya mwisho ilikuwa ya aina gani. Zamani nilisikia kapuchino, late, mara chache espreso. Sasa wengi hujibu kwa neno moja tu: baridi. Mimi kazi yangu ni kukaanga, na kwa miaka mingi niliichukulia kahawa ya barafu kuwa kinywaji cha watu wasioipenda kahawa. Siku hizi sisemi tena hivyo, kwa sababu barafu imenibadilishia hata namna ninavyokaanga.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Pika kahawa moja vizuri, igawe glasi mbili, moja uinywe ya moto na nyingine uiache kwenye jokofu mpaka ipoe kabisa. Juzi mwanafunzi mmoja alionja ile ya pili, akanitazama kwa shaka: "Mwalimu, hii si ile ile. Umebadilisha buni." Sikubadilisha kitu. Vipokezi vya utamu kwenye ulimi vinaamshwa zaidi na joto; ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka huwa tamu hadi inakinaisha. Harufu nayo inakuwa chache, kwani kinywaji cha baridi hakipandishi mvuke wa kutosha kufika puani. Ile harufu ya maua, ule ulaini kama wa chai, yaani vyote ninavyohangaika kuvilinda ninapokaanga hafifu, ndivyo vinavyozimika kwanza. Vinavyostahimili ni ladha nzito: kakao, karanga, sukari iliyoungua.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo linaloharibu kahawa nyingi za baridi. Watu hupika kama kawaida kisha hutumbukiza barafu, halafu hulalamika kahawa imekuwa majimaji. Barafu ni maji, ihesabu. Ukitaka kupika kwa moto na kupoza papo hapo, weka gramu 200 za barafu kwenye chombo cha kupokelea, tumia gramu 30 za kahawa, na mimina gramu 300 tu za maji ya moto. Ukijumlisha unapata gramu 500 za maji, uwiano ule ule wa siku zote. Kahawa ikidondoka juu ya barafu inapoa hapo hapo, na harufu nyingi inabaki ndani ya glasi.

Njia ya kuloweka ni nyingine kabisa. Saga chengachenga, gramu 100 kwa lita moja ya maji baridi, funika, acha kwenye jokofu saa 12 hadi 18, kisha chuja taratibu bila kukamua. Inatoka laini na nzito, na wengi husema haina asidi. Hapo wanakosea kidogo. Mwaka 2018 watafiti Niny Rao na Megan Fuller walilinganisha kahawa ya kuloweka na ya moto wakakuta pH zao, yaani kipimo cha ukali wa asidi, zinakaribiana mno, zote kati ya 4.85 na 5.13. Tofauti waliyoiona ni kwamba maji ya moto yalikuwa yametoa asidi nyingi zaidi kwa ujumla. Kwa hiyo ulaini unaousikia mdomoni ni wa kweli, ila usimwambie mtu mwenye vidonda vya tumbo kwamba hii ndiyo dawa yake.

Sasa turudi kwenye ladha zinazostahimili baridi, maana ndizo zinazoeleza mengine yote. Ikiwa barafu na maziwa vinafunika ladha nyepesi, soko litatafuta ladha zenye sauti kubwa. Na moja ipo tangu zamani: robusta, moja ya aina mbili kuu za kahawa. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ile aina nyingine, sukari na mafuta pungufu, na uchungu unaopenya maziwa bila kuomba ruhusa. Sisi wakaangaji wa kahawa za daraja la juu tuliidharau, nami nilikuwa mstari wa mbele. Nadhani tulikuwa tunauhukumu uvivu wa watayarishaji na kuuita tabia ya mmea. Robusta iliyochumwa ikiwa mbivu na kukaushwa kwa uangalifu haina ile ladha ya mpira ulioungua. Ina kakao na nafaka iliyobanikwa, na povu la espreso yake ni nene ajabu. Hali ya hewa nayo imesukuma: baridi kali ya Julai 2021 iliunguza mashamba ya arabika nchini Brazili, nchi inayoongoza kwa kahawa duniani, na wachanganyaji wengi wakaanza kuangalia upya robusta ya Vietnam na Uganda. Kwenye mchanganyiko wangu wa barafu sasa naweka robusta asilimia 30, na sijamwona mteja akiirudisha glasi.

Sauti kubwa nyingine inatoka kwenye uchachushaji. Mwaka 2015 Sasa Sestic wa Australia alishinda mashindano ya dunia ya mabarista kwa kahawa iliyochachushwa kwenye matangi yaliyofungwa na kujazwa hewa ya ukaa, mbinu aliyoiazima kwa watengenezaji wa mvinyo. Tangu hapo matangi yamesambaa mashambani. Matokeo yake ni kahawa zinazonukia stroberi au mdalasini hata zikiwa baridi kama chuma. Baadhi nazipenda. Nyingine zinanichosha kabla sijafika nusu ya kikombe, na zipo zilizotiwa vionjo waziwazi halafu zikauzwa kana kwamba ni kazi ya shamba. Hilo la mwisho ni udanganyifu, sina jina la upole la kuliita.

Maziwa ya oti nayapita haraka: yamebaki kwa sababu yana utamu wake na hayapigani na kahawa.

Ila kuna badiliko ambalo wachache wanalihusisha na barafu. Kahawa ya moto watu wengi huinywa asubuhi. Ya baridi huinywa mchana, jioni, na kwa glasi kubwa. Nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo glasi ya saa 11 jioni unalala nayo. Ndiyo sababu kahawa iliyotolewa kafeini imeacha kuwa kichekesho. Ludwig Roselius wa Bremen, Ujerumani, aliyeifanya biashara mwaka 1906, aliitoa kafeini kwa benzini, kemikali tunayojua sasa kuwa inasababisha saratani. Leo hutumika maji, hewa ya ukaa yenye shinikizo kubwa, au ethili asetati, kiyeyushi kinachotokana na miwa. Mwaka 2024 Weihong Zhang alishinda mashindano ya Marekani ya upikaji wa kahawa kwa kahawa isiyo na kafeini, akiwapita waliokuja na kahawa za kawaida.

Kuikaanga, hata hivyo, ni mtihani. Buni hiyo inafika kwangu ikiwa tayari ya kahawia, si ya kijani, na jicho langu limezoea kusoma rangi. Mara ya kwanza niliona punje zimeiva, nikafungua ngoma ya mashine ya kukaangia. Nilipoonja nikakuta ladha ya majani makavu. Ndani zilikuwa mbichi. Mara ya pili nikasubiri ule mlio wa punje kupasuka kama bisi, lakini nao huwa hafifu mno kwenye buni hii, nikachelewa nikaunguza. Sasa nafuata kipimajoto na pua tu. Rangi siitazami, hata taa iliyo juu ya ngoma naizima.