"Kampuni" ya zimamoto ya kujitolea si biashara

Kampuni ya zimamoto ya kujitolea ni kundi la wakazi wa sehemu moja, hasa nchini Marekani, waliojiunga chini ya katiba yao wenyewe ili kuzima moto na kuokoa watu katika eneo lao bila kulipwa mshahara. Maana yake ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni neno "kampuni". Kila moto mkubwa unapotokea huko, tafsiri za Kiswahili hutuletea "kampuni binafsi za kuzima moto", na wasomaji huanza kuuliza zinatoza kiasi gani na mmiliki wake ni nani. Hazina mmiliki wa namna hiyo, wala hakuna anayegawiwa faida.

Neno hili lina asili ya Kilatini: com ni pamoja, panis ni mkate. Wanakampuni, kwa asili, ni watu wanaokula mkate mmoja. Likaja kuitwa hivyo kundi lolote la watu wenye shughuli moja: wasafiri, waigizaji, askari, na hatimaye wafanyabiashara. Kiswahili kililipokea likiwa limeshavaa nguo za biashara, na haishangazi, kwa kuwa kampuni zilizoitia mkono Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ya Wajerumani iliyopewa hati mwaka 1885 na ya Waingereza iliyopewa yake mwaka 1888, zilikuwa za kibiashara. Ile maana ya kundi la askari tunayo, ila imekaa jeshini na sura yake nyingine: kombania. Hakuna anayesikia "kombania" akafikiria hisa.

Hata picha ya mkate si ngeni kwetu. Kula bia ni kula pamoja baada ya kila mmoja kutoa mchango wake, na neno ubia limezaliwa hapohapo. Anayetaka kuelewa kampuni za zamani za zimamoto aanze na bia.

Mfano ulio wazi ni Union Fire Company, iliyoundwa katika mji wa Philadelphia, Marekani, tarehe 7 Desemba 1736 na Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa, pamoja na wenzake. Katika mkataba wao kila mwanachama aliahidi kununua kwa fedha zake ndoo 2 za ngozi na mifuko 4 ya kitani, kila mfuko ukiwa na kitambaa cha yadi 4 kwa uchache na kamba ya kukazia mdomo. Ndoo ni za maji. Mifuko ni ya kuokolea vyombo vya mwenye nyumba, maana moto wa wakati ule mara nyingi haukuzimika kabla ya nyumba kwisha, na wezi walijichanganya na wasaidizi. Kila ndoo na kila mfuko uliandikwa herufi za jina la mwenyewe. Asiyetimiza alitozwa faini ya shilingi 5. Walikutana kila mwezi, wakakaa jioni pamoja wakijadili habari za moto, na faini za waliokosa mikutano ndizo zilizosaidia kununua injini, ngazi na kulabu za kuangushia paa na kuta zinazoungua.

Franklin anaandika kwamba wanachama walifika 30, na waliokuja baadaye walishauriwa waunde kampuni yao. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na kampuni nyingi. Hazikuwa zikishindania wateja; kundi likijaa, jingine lilizaliwa.

Mkanganyiko mwingine ni wa bima. Philadelphia Contributionship, shirika la bima ya moto ambalo Franklin pia alishiriki kulianzisha, ni la mwaka 1752, miaka 16 baada ya Union. Bima ilikusanya michango ya fedha na kulipa hasara, na nembo yake ya mikono minne iliyoshikana ilibandikwa ukutani kwenye nyumba zilizokatiwa bima. Kampuni ya zimamoto ilileta ndoo na mikono ya watu. Ni vyombo viwili tofauti, hata pale ambapo majina ya watu yaleyale yalionekana katika vyote viwili.

Kwa nini watu wengi hivyo kwa moto mmoja? Kwa sababu "injini" ya wakati ule ilikuwa pampu ya mkono: sanduku la maji lenye mipini mirefu, watu wakijipanga pande zote mbili na kuibonyeza kwa zamu, upande huu ukishuka ule unapanda. Sanduku lilijazwa kwa ndoo zilizopokezanwa kutoka kisimani, mstari mmoja ukipeleka zilizojaa na mwingine ukirudisha tupu. Wapampaji walichoka baada ya dakika chache tu, na zamu ikikosekana maji yalikatika. Ngozi nayo ilikuwa na shida zake: ikikauka hupasuka, kwa hiyo ndoo na mipira ya maji ilipakwa mafuta mara kwa mara. Mipira iliyoshonwa kwa uzi ilipasuka kwenye mshono maji yakizidi nguvu, hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Philadelphia walipoanza kuiunga kwa ribiti za metali. Zikatokea pia kampuni za mipira, kando ya zile za injini na zile za ngazi na kulabu.

Mashine za mvuke zilipunguza haja ya mikono mingi. Mji wa Cincinnati uliweka zimamoto wa kulipwa tarehe 1 Aprili 1853, New York ikafuata mwaka 1865, Philadelphia mwaka 1871. Mishahara ikaja, lakini neno halikuondoka. Leo katika idara za miji mikubwa "kampuni" ni gari moja na watu wake chini ya ofisa mmoja: kampuni ya injini huleta pampu, mipira na maji, kampuni ya ngazi huvunja milango, hutafuta watu na kutoboa paa moshi utoke. Habari ikisema kampuni tatu zilifika, maana yake ni magari matatu na watu wake, na yote yanaweza kuwa ya idara moja.

Kwa nini yaje matatu? Kwa viwango vya NFPA, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya kinga ya moto, gari la injini huwa na pampu ya galoni 750 kwa dakika na tangi la galoni 300, kwa uchache. Pampu hiyo ikifunguliwa yote, tangi hilo hukauka ndani ya sekunde 24. Kijijini kusiko na bomba la zimamoto barabarani, kampuni jirani zikichelewa kuleta matangi, aliyeshika mpira ndani ya nyumba amebaki bila kinga.

Na kujitolea kusifasiriwe kuwa ni kutojua kazi. Takriban theluthi mbili ya zimamoto wa Marekani ni wa kujitolea, na sheria ya mwaka 1976 inayowalipa mafao warithi wa maofisa wa usalama waliokufa kazini inawahusu na wao.

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, gari na watu wake liite kikosi. Umoja wa wakazi wenye katiba, jengo na magari yao uite chama cha zimamoto cha kujitolea. Na jina rasmi, kama Union Fire Company, liache lilivyo, kisha useme mara moja kwamba ni chama, ili msomaji asiende kutafuta wenye hisa.