Stemu si projekti

Msanii amerekodi wimbo Mtwara mjini, amelipa, na sasa anataka kuupeleka Dar es Salaam ukafanyiwe miksi upya. Anamwambia prodyuza, "Kaka, niwekee projekti kwenye fleshi." Prodyuza anakataa. Msanii anatoka akilalamika kwamba jamaa ni mchoyo, prodyuza anabaki akilalamika kwamba vijana wanataka kuiba ufundi wake. Wote wawili wamegombana bure, maana aliyehitaji mafaili ya sauti tu, yaani stemu au traki, ameomba projekti. Kosa hili limeenea kutoka Shangani hadi Masasi na Nachingwea, na sasa linasikika hata kwa watu waliokaa studio miaka mingi.

Stemu ni faili la sauti la fungu moja la wimbo: ngoma zote pamoja, besi, vinanda, sauti za waimbaji. Projekti ni faili la kazi la programu ya kutengenezea muziki, na ndani yake mna noti, priseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa), vipimo vya kompresa (kifaa kinachoshusha sauti inapozidi), na mpangilio mzima wa miksa. Stemu inasikilizwa popote. Projekti kwa kawaida inafunguka tu kwenye programu iliyoitengeneza.

Neno stemu limetoka kwenye filamu. Mafundi wa sauti walitenga mazungumzo, muziki na vishindo katika mafungu matatu, ili filamu ikitiwa lugha nyingine yabadilishwe mazungumzo peke yake. Kwa hiyo stemu tangu asili ni fungu, si chombo kimoja kimoja. Ukitoa ngoma kubwa peke yake, sineya peke yake na kayamba peke yake, hizo ni traki. Anayefanya miksi upya kwa kawaida anataka traki. Anayetaka kubadilisha sauti tu au kupiga jukwaani zinamtosha stemu nne au tano.

Tofauti yenye uzito ni kile ambacho kila faili linafichua. Ukiwa na stemu ya besi unasikia kwamba besi inashuka kila ngoma kubwa inapopiga, lakini huoni kompresa imewekwa kiwango gani wala inaachia kwa milisekunde ngapi. Mwenye sikio atakisia, na akijitahidi ataikaribia. Projekti haimwachii cha kukisia. Inaonyesha kila kitufe, hata majaribio uliyoyazima ukasahau kuyafuta.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, inaweza kufunga projekti pamoja na sampo zake, yaani sauti zilizorekodiwa zinazotumika ndani yake, katika faili moja la zipu. Sampo inaingia nzima. Ukirekodi dakika kumi za ngoma za sindimba kule Newala na mdundo wako ukatumia sekunde nne, dakika zote kumi zinasafiri ndani ya zipu, pamoja na maongezi ya wapigaji. Kama ulichorekodi ni nyimbo za unyago, umetoa nje kitu ambacho hata si chako kukitoa. Prodyuza anayekataa hapo ana haki kabisa, na si uchoyo. Akitaka kutoa projekti, kwanza akate zile sekunde nne, azihifadhi kama faili jipya, kisha aliweke mahali pa lile la zamani.

Na hata akikupa, huenda isikufae. Kompyuta isiyo na plagini zilezile (programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti) itafungua wimbo wenye mapengo. Projekti ya toleo jipya inaweza kugoma kwenye toleo la zamani. FL Studio ya majaribio inakubali kuhifadhi projekti lakini haikubali kuifungua tena mpaka uinunue.

Stemu hazina shida hizo zikitolewa vizuri. Zote zianzie baa ya kwanza, yaani mwanzo kabisa wa hesabu ya mapigo ya wimbo, hata kama sauti inaingia dakika ya pili, vinginevyo hazitapangana. Toa WAV ya biti 24. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni, na ukiichanganya na WAV mdundo unateleza. Zima limita (kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango) iliyo kwenye njia kuu, kwa sababu limita huitikia kila stemu kivyake, na ukizijumlisha hupati wimbo ule uliousikia. Acha mkia wa mwangwi uishe wenyewe. Usitoe besi kwa kunyamazisha ngoma kubwa kama ngoma hiyo ndiyo inayoishusha. Tumia chaguo la FL Studio liitwalo "Split mixer tracks", ambalo linatoa njia zote kwa mkupuo. Kwa ukubwa, stereo ya 44.1 kHz yenye biti 24 inakula karibu MB 16 kwa dakika, hivyo stemu nane za wimbo wa dakika tatu na nusu ni kama MB 445. Fleshi inatosha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti.

Duniani njia zote mbili zimetumika. Mwaka 2005 bendi ya Nine Inch Nails ya Marekani ilitoa wimbo wake kama faili la GarageBand, programu ya muziki ya Apple, kila traki mahali pake. Mwaka 2008 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliuza wimbo wake vipande vitano. Vile vipande vitano ni stemu, na ndiyo maana mtu wa programu yoyote aliweza kuvitumia. Wengine walificha: DJ Kool Herc, mmoja wa waanzilishi wa hip hop kule Bronx, New York, alibandua lebo za santuri zake kwa maji ili wapinzani wasijue anapiga nini. Kuficha hivyo kulikuwa na sababu, maana hakimiliki hulinda wimbo na rekodi, hailindi mbinu. Mbinu ikishajulikana, ni ya kila mtu.

Ndiyo maana neno "siri ya studio" lisitumike kumnyima msanii stemu au traki za wimbo alioulipia. Hazina siri ya kutosha kustahili jina hilo. Na msanii naye asiseme projekti anapotaka stemu au traki. Akitaka miksi upya aseme hivi, tena kabla ya kulipa: "Kaka, nitahitaji traki za WAV, biti 24, zote zianze baa ya kwanza, bila limita." Prodyuza akisikia hivyo anajua hakuna anayemchungulia miksa yake.