Sukari, Mkojo na Ujauzito: Maswali Kutoka Benchi la Kliniki, Tabora

Kaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa Tabora, utasikia "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ikitajwa kila baada ya muda. Kisukari hutajwa kwa sauti ya chini, kama jambo la watu wazima waliokula wakashiba. Kumbe mawili haya hukutana kwenye mwili wa mama mmoja. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Nikikojoa uani, sisimizi wanakusanyika. Shangazi anasema hiyo ni sukari. Ni kweli?

Inawezekana, lakini sisimizi hawatoshi kuwa kipimo. Figo za mjamzito huchuja damu nyingi kuliko zamani, na sukari kidogo huponyoka ikaingia kwenye mkojo hata kama ya kwenye damu iko sawa. Hata kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo kikionyesha sukari, kinakuambia tu kwamba ukapime damu.

Kipimo chenyewe kinataka uvumilivu. Unakuja hujala tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa tena damu baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mama ana kisukari cha mimba ikiwa sukari imefika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2. Ikifika namba moja tu kati ya hizo, inatosha. Wakati wake ni wiki ya 24 hadi 28, kwa kuwa ndipo homoni za kondo la nyuma zinapoikwamisha zaidi insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, au aliyewahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, asingoje wiki hizo. Amwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki.

Nimeambiwa nina bakteria kwenye mkojo, lakini siumwi popote. Dawa ya nini?

Swali zuri, maana kuwa na bakteria si kuugua. Ngozi, utumbo na uke vina wenyeji wao, na wengi wanatufaa. Wakikutwa kwenye mkojo wengi wa aina moja, 100,000 au zaidi kwa kila mililita, huku mama hasikii kitu, wameweka makazi kimyakimya. Hutokea kwa wajawazito 2 hadi 10 katika kila 100. Mara nyingi ni E. coli, mkazi wa utumbo mpana.

Mwanamke asiye mjamzito, hata akiwa na kisukari, kwa kawaida tungemwacha bila dawa. Mjamzito hatumwachi. Homoni zimelegeza mirija inayotoka kwenye figo, mji wa mimba umeegemea kibofu, mkojo unatuama, na bakteria wanapata njia ya kupanda. Wasipotibiwa, hadi akina mama 30 kati ya 100 wa namna hiyo wanaweza kupata maambukizi ya figo: homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, na wakati mwingine uchungu kabla ya siku zake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za siku 7, hata kama hakuna kinachouma.

Kisukari kinaingiaje hapo?

Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupigana kwa ulegevu, na mkojo wenye sukari ni chakula cha vijidudu. Aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza pia kuwa na mishipa ya fahamu iliyochoka, kibofu kisitoe mkojo wote. Halafu maambukizi nayo yanapandisha sukari. Nimewaona akina mama wakilaumiwa kwamba wanakula ovyo, kumbe figo ndiyo iliyokuwa inaumwa. Inaniuma kila mara, kwa sababu mama huyo tayari anajinyima.

Muwasho ukeni na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda kwa kawaida ni fangasi, si bakteria. Hao pia hupenda sukari, ila dawa yao ni nyingine.

Mkojo unachukuliwaje ili majibu yawe ya kweli?

Hapa ndipo tunapokosea sana. Chombo kitoke maabara, si kichupa cha dawa ulichosuuza nyumbani. Nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji ukitoka mbele kwenda nyuma, tenganisha mashavu ya uke, mkojo wa mwanzo uuache uende, kinga wa katikati, wa mwisho uuache. Ufike maabara ndani ya saa 2. Ukikaa juani, bakteria wachache wanakuwa jeshi, nawe unapewa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Kuotesha huchukua siku kadhaa, lakini kunataja jina la bakteria na dawa inayomweza. Kama zahanati yako haioteshi, uliza hospitali ya wilaya au Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukimaliza dawa, upimwe tena.

Dukani wamenipa sipro. Ninywe?

Usinywe kabla hujarudi kliniki. Siprofloksasini si chaguo la kawaida kwa mjamzito, na doksi (doksisaiklini) huathiri meno na mifupa ya mtoto. Zipo zinazomfaa mjamzito, kama amoksilini na sefaleksini, ila ipi ikufae wewe inategemea majibu ya kuotesha.

Mama mkwe anasema nijioshe ndani kwa maji ya limau, na sukari nitumie asali badala yake.

Mama mkwe anakutakia mema, mjibu kwa adabu. Ndani usioshe, si kwa limau, si kwa shabu, si kwa sabuni. Unawafukuza bakteria walinzi na kuwaachia nafasi wale tusiowataka.

Asali najua ni fahari yetu, na ya Tabora ni tamu kweli. Lakini mwilini ni sukari, inapandisha sukari ya damu kama ile ya dukani. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nayo si ya kujaza bakuli. Kipande au viwili na maharage na mboga za majani, sawa. Embe, nusu, si ndoo ya msimu. Tembea baada ya kula. Ukiandikiwa insulini usiogope: haivuki kondo kwenda kwa mtoto, sukari ndiyo inayovuka.

Ndugu yangu aliye Marekani alipimwa kwa pamba ukeni wiki ya 36. Mbona sisi hatupimwi?

Alitafutiwa streptokoka wa kundi B, anayeishi kwenye utumbo na uke bila kumsumbua mama, ila anaweza kumpa mtoto maambukizi ya damu, kichomi au homa ya uti wa mgongo. Marekani wanapima wajawazito wote, Uingereza hawapimi wote. Tafiti kuhusu kisukari na bakteria huyo hazikubaliani: baadhi zimewakuta wenye kisukari wakiwa naye zaidi, nyingine hazikuona tofauti.

Kinachokuhusu leo ni kumwambia mkunga mapema ikiwa bakteria huyo alionekana kwenye mkojo wako mimba hii, au uliwahi kupata mtoto aliyeugua kwa ajili yake, au uchungu umeanza kabla ya wiki 37, au chupa imepasuka saa 18 zimepita, au una homa. Penisilini hutolewa kwa mshipa wakati wa uchungu, vizuri ianze saa 4 au zaidi kabla ya kujifungua. Ukiinywa wiki kadhaa kabla, bakteria hurudi.

Mtoto wa mama mwenye kisukari anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari, maana sukari yake huweza kushuka ghafla. Akikataa titi, akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, akiguna anapohema, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi, mpeleke hospitali usiku huohuo, umemkumbatia kifuani.