Kwa nini marubani hushindwa kuonana angani

Kila ndege mbili za jeshi zinapogongana mazoezini, watu huuliza: hivi hawakuonana? Ni swali la haki. Sisi wa usalama wa anga tunapaswa kulijibu bila kukimbilia neno "uzembe", kwa sababu mara nyingi ukweli ni kwamba hawakuonana kwa wakati, na mazingira yenyewe hayakuwapa nafasi ya kuonana.

Tarehe 3 Julai 2012, ndege mbili za kivita aina ya Tornado za Jeshi la Anga la Uingereza, zote za kituo cha Lossiemouth, ziligongana juu ya ghuba ya Moray Firth, Uskoti. Kila moja ilikuwa na watu wawili. Watatu walifariki, na mmoja akaokolewa akiwa na majeraha mabaya.

Chukua ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 780 kwa saa. Zinakaribiana kwa zaidi ya mita 430 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inakadiria kuwa rubani anahitaji kama sekunde 12.5 tangu macho yake yaone kitu, atambue ni ndege, aone kwamba watagongana, aamue pa kukwepea, hadi ndege yenyewe iitike. Kwa kasi hiyo, ni lazima amuone mwenzake akiwa bado kilomita 5 na zaidi. Kwa umbali huo, Tornado iliyokunja mabawa yake nyuma, kama inavyofanya ikienda kasi, haionekani kubwa kuliko punje ya mchele iliyo hatua tano mbele yako.

Lakini ugumu mkubwa hautokani na udogo huo. Macho yetu huvutwa na kinachosogea. Ndege mbili zikienda moja kwa moja kwa kasi isiyobadilika kuelekea mahali pamoja, kila rubani humuona mwenzake kama doa lililosimama palepale kwenye kioo. Halipandi, halishuki, wala haliendi pembeni. Hukua polepole mno, kisha katika sekunde chache za mwisho hujaa ghafla. Manahodha wanalijua jambo hili vizuri: chombo kisichobadili upande ukikitazama, huku kikizidi kukaribia, ndicho cha kuogopa. Na doa hilo likiangukia nyuma ya fremu ya kioo, linaweza kubaki limefichwa humo muda wote.

Ndiyo maana sikubali kwamba kuambiana "tazama nje" kunatosha. Mazoezi salama huanzia chini, kabla injini hazijawashwa: nani atakaa mwinuko gani, nani atapita saa ngapi, na hali ya hewa ikivuruga mpango nani atamwarifu nani. Baada ya hapo ndipo kinakuja kifaa cha kutahadharisha mgongano, kinachosoma mawimbi ya transponda (chombo cha redio kinachotangaza ndege ilipo) ya ndege nyingine na kupiga kelele kabla jicho halijaona lolote. Ndege za abiria zilikuwa navyo miaka mingi. Kuzifungia Tornado kifaa hicho kulizungumzwa tangu miaka ya 1990, kukacheleweshwa, na siku ile ya Julai hazikuwa nacho. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2014 ilitaja upungufu huo miongoni mwa mambo yaliyochangia. Vifaa vilikuja kufungwa baada ya ajali. Kuchelewa huko kunaniuma, kwani hatari ilikwisha kujulikana.

Hata hivyo, ndege zinaporuka kwa kundi, ubavu kwa ubavu, kifaa hicho hakisaidii sana, kwa sababu zimekaribiana kwa makusudi. Hapo nidhamu ya miinuko na redio ndiyo kinga.

Haya si ya jeshi peke yake. Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Kwa wanaojifunza urubani: msizungushe macho kwa mfululizo. Igaweni anga vipande vidogo, tulizeni macho kama sekunde moja katika kila kipande, na msogeze kichwa ili muone kilichofichwa na fremu. Anga ikiwa tupu, tazameni kwanza wingu au mlima wa mbali, kwa maana jicho lisilo na cha kushika hujirudisha lenyewe kutazama mita chache tu mbele.