Je, wajua kwa nini riwaya za fantasia huanza na ramani?

Ukifungua riwaya ya fantasia, yaani stori ya uchawi na dunia ya kubuni, hasa ile ya kwanza ya mwandishi kijana, mara nyingi kabla hujafika sura ya kwanza unakutana na ramani: milima, mito, msitu wenye jina la kutisha na njia moja tu ya kuupita. Wengi tunaipita haraka tukidhani ni pambo. Sio pambo bana, manake kwa waandishi wengi ramani ndo ilitangulia na stori ikaja baadae.

Mcheki mwandishi Robert Louis Stevenson. Mwaka 1881 alikuwa Braemar, Uskoti, mvua haikatiki, yuko ndani na mtoto wa mkewe anayechezea rangi, basi naye akachora kisiwa cha kubuni pamoja na ghuba zake, na mwenyewe alikuja kueleza kwamba kadiri alivyokuwa anaitazama ile ramani ndivyo wahusika walivyoanza kumtokea humo kwenye miti, wanapigana na kusaka hazina, akachukua karatasi akaanza kupanga sura. Hiyo ndo ikawa Treasure Island, riwaya yake ya kwanza, kitabu kikatoka 1883. Ni ya maharamia, sio fantasia, ila hicho kilichomtokea ndo hichohicho kinachowatokea waandishi wa fantasia mpaka leo. Na kuna kitu kinauma hapo: ramani yenyewe ilipotea ilipotumwa kwa wachapishaji, ikabidi arudi kwenye kitabu chote akikusanya kila alipotaja umbali au upande, achore upya ifanane na maneno. Akasema hiyo ya pili haikuwahi kuwa Treasure Island kwake. Namuelewa kabisa, kwa sababu ya kwanza ilizaa stori na ya pili ikawa inaifuata stori nyuma.

Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, naye alieleza kwamba alianza na ramani halafu stori akaipanga iendane nayo, na mwandishi mwingine wa fantasia, Ursula Le Guin, alichora visiwa vya Earthsea, dunia yake ya kubuni, kabla hajaandika kitabu chake cha 1968, A Wizard of Earthsea. Christopher Paolini, aliyeanza kuandika riwaya yake ya fantasia Eragon akiwa na miaka 15, alichora ramani yake kwa mkono wake.

Sasa kwa nini iwe fantasia hasa? Kwa sababu ukiandika kuhusu mji uliopo kweli barabara zipo tayari, ukikosea msomaji anakusahihisha, lakini kwenye dunia uliyoitunga hakuna wa kukusahihisha isipokuwa wewe mwenyewe. Mtu anayetembea kwa miguu na mzigo akijitahidi sana anafika kama kilomita 30 kwa siku. Sasa mjumbe wako katoka ngomeni sura ya tatu, anafika mpakani sura ya nne kwa siku mbili, halafu jeshi zima linapita njia ileile sura ya ishirini kwa mwezi mzima, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Msomaji hapigi hesabu, ila anahisi kitu hakiko sawa na anaacha kuogopa, maana kama kila mtu anafika pale mwandishi anapomtaka basi hatari haipo tena. Ukiwa na ramani, hata ya penseli kwenye daftari, mlima unakulazimisha. Shujaa lazima azunguke, na huko anakozunguka ndo unakuta sura ambayo hukuwa umeipanga kabisa, na mi naona hizo mara nyingi ndo sura tamu kuliko zote.

Mito ndo inawaumbua wanaoanza. Maji yanashuka kutoka juu na mito huungana inavyokwenda baharini, kugawanyika ni nadra ukiacha kule kwenye delta, lakini ramani nyingi za kwanza zina mto unaokata bara zima kutoka bahari moja hadi nyingine, hapo unajua umechorwa kwa sababu ulipendeza.

Na kama kitabu chako kinaenda kuchapwa, chora ukikumbuka kwamba ramani ikienea kurasa mbili, sehemu ya katikati inamezwa na mshono wa kitabu. Mji mkuu usiuweke hapo.