Kupandikiza mfupa maana yake nini, pale mkono uliovunjika unapogoma kuunga?

Mfupa wa juu wa mkono, huu wa kati ya bega na kiwiko, kwa kawaida ukivunjika unaunga ndani ya miezi miwili mitatu hivi. Sasa kuna watu miezi sita inakatika, eksirei inaonyesha ufa uleule, na mtu akinyanyua hata kikombe anausikia mfupa unacheza katikati pale, mahali ambapo hakuna kiungo. Hapo ndo utasikia daktari anataja kupandikiza.

Kinachofanyika ni kwamba unachukuliwa mfupa sehemu nyingine ya mwili wako, mara nyingi ukingo wa nyonga, hapo hapo unaposhika ukiweka mikono kiunoni. Wanachota ule wa ndani, laini, wenye vitundu, wanaupachika penye pengo. Una chembe hai zinazojenga mfupa, una kemikali za kuamsha chembe nyingine, na vile vitundu vinapitisha mishipa midogo ya damu. Upo pia mfupa wa marehemu aliyejitolea, na wa kutengenezwa, ila hiyo kazi yake kubwa ni kuwa kiunzi tu, chembe hai haina.

Wengi wanadhani hicho kipande ndo kinashikilia mkono. Hapana jamani! Kinachoshikilia ni pleti ya chuma na skrubu, na kabla ya hapo daktari anakwangua kovu lote kwenye zile ncha mbili mpaka zitoe damu, maana ncha kavu haioti kitu. Ukipandikiza halafu mfupa ukaachwa unacheza, umepoteza nyonga yako bure. Tena kuna wale ambao eksirei inaonyesha mfupa mpya umejaa pembeni, umevimba kabisa, ila ufa haufungi, hao mfupa wao uko hai, ulikosa kubanwa tu, mara nyingi pleti peke yake inawatosha.

Kama kuna usaha au maambukizi yanatibiwa kwanza, hilo halina mjadala. Sigara nayo iachwe, inabana mishipa ya damu.

Cha kumuuliza daktari kabla ya kusaini ni neva inayozunguka nyuma ya mfupa huu, ikiumia kiganja kinaning'inia huwezi kukiinua, japo mara nyingi hurudi taratibu. Na kuhusu nyonga ujiandae, kuna wanaosema iliwauma kuliko mkono wenyewe.